Rufaa, Dirisha Namba Tatu

Yah: Faini ya maegesho, shilingi elfu kumi.
Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi Lubango Ng'wandu, mkazi wa Mabatini,
mwenye pikapu ya bluu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba,
nakanusha.

Karatasi yenu inasema Alhamisi, saa nne na robo asubuhi,
gari langu lilikaa Mtaa wa Rwagasore
mbele ya duka la vitenge
bila kulipiwa.
Ndugu karani, saa nne na robo gari langu lilikuwa majini.
Kama ziwa nalo limepigwa mistari myeupe,
nionyesheni mstari, nitalipa.

Naambatisha tiketi ya kivuko cha Kamanga.
Imelowa kidogo pembeni, mniwie radhi,
ila saa inasomeka, na namba ya gari inasomeka:
nane, ndugu yangu, nane yenye matumbo mawili,
si tatu.
Kijana wenu aliandika amesimama juani, simlaumu,
hata mimi huwaita wanangu kwa majina ya wenzao.
Lakini kosa likishapigwa mhuri
huanza kutembea kifua mbele.

Tiketi inasema: gari dogo moja, abiria watatu.
Hilo nalo si kweli, nakiri mapema
msije mkaligundua wenyewe.
Tulikuwa wanne.
Wa nne alilala nyuma, ndani ya sanduku la mninga.
Mkata tiketi alimtazama, akavua kofia,
hakumhesabu.
Dada yangu, Nyanzobe. Tulikuwa tunampeleka Sengerema.

Mara ya kwanza mliniambia mfumo uko chini.
Mara ya pili, mhusika yuko semina.
Mara ya tatu mama mmoja mwenye miwani aliniinamia dirishani:
mzee, lipa tu yaishe,
nauli za kuja hapa zimeshaipita hiyo faini.
Zimeipita, kweli. Na fotokopi sijajumlisha.

Lakini mama, nikilipa nimekubali.
Na atakayefungua jalada miaka ijayo
atasoma kwamba siku ile, saa ile,
kaka yake Nyanzobe alikuwa mjini
anachagua vitenge.

Fedha mkitaka zishikeni.
Ninachoomba ni mstari mmoja ufutwe,
na juu yake, kwa kalamu yoyote, muandike:
alikuwa ziwani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
L. Ng'wandu

Nakala: ninayo mwenyewe, mfuko wa shati.
Jumatatu nitakuja nayo.