Kwanza Vilivyomo

Aikaruwa kaileta ndani ya kiroba cha sukari,
kompyuta ya chama cha msingi, toka Uru hadi hapa Majengo.
"Imejaa. Kilo za msimu huu haizipokei.
Inasema hakuna nafasi."

Nafasi ipo. Naiona nikiiwasha kwa sidii
niliyoiandika OKOA kwa kalamu nyekundu,
mfumo unaoamka bila kugusa diski ya wenyewe,
kama mgeni anayelala sebuleni asifungue kabati.
Skrini nyeusi. Alama moja inapepesa.

Sehemu ya kwanza, giga mia mbili themanini:
harusi tano, na filamu za karani aliyehama.
Ya pili, giga arobaini:
wakulima mia sita na kumi, bega kwa bega.

Harusi nazihifadhi pembeni. Filamu nafuta.
Kisha e2fsck ipite chumba hadi chumba, ihesabu.
Kisha resize2fs: vilivyomo vijibane ndani,
ndipo mpaka uvifuate.
Ukianza na mpaka
utakata mkia wa kitu usichokijua.

Nililijua hili kabla sijagusa kibodi.
Babu alipozikwa, baba mdogo Ndetaulwa
aling'oa masale alfajiri, apate kipande cha kuuza,
akayapanda hatua nane juu,
asiulize mfereji unapita wapi.
Kulipopambazuka, kaburi la bibi
lilikuwa upande wa mnunuzi.
Hadi leo tunabisha hodi ili tulifyekee.

Mashine inauliza kama nina uhakika.
Huyu angalau anauliza.

Nimeazima betri ya fundi redio,
maana umeme wa mtaa huu una hasira za mchana.
Nabonyeza y.
Sehemu ya pili inaanza kuhama, tofali kwa tofali,
asilimia nne, asilimia nne, asilimia tano.
"Tayari?"
"Kaa, Aikaruwa. Kunywa chai."
Betri inalia mara moja. Tunatazamana.
Inanyamaza.

Saa kumi na robo naikunjua sehemu ya pili
mpaka ukutani. Naitoa sidii, naiwasha upya.
Aikaruwa ananisukuma kidogo, anashika kipanya,
hatafuti jumla, hatafuti jina la mwenyekiti.
Anatafuta mama yake.

Ndeambiliasia, Uru Shimbwe,
kilo kumi na nne na nusu.
Anasoma kwa sauti, mara mbili.
Na ile nusu ipo.