Kiu ya Morisi

Kwanza tulifungua koki ya chini,
tukatega karai.
Ikatoka chai isiyo na jina:
kutu, bizari, vipande vya ganda la yai,
na visumari vyeusi vitatu
ambavyo fundi Shaame alivinusa, akacheka:
"Karafuu, wallahi. Kuna mtu aliitia karafuu."

Namjua. Shangazi Mwanakombo,
mkunga wa Wete, mwenye gari hili
tangu lilipokuwa na rangi ya samli
na milango yake ikifunga bila kupigwa teke.
Kila dawa ya rejeta aliyoambiwa aliijaribu.
Bizari huziba, akatia bizari.
Yai huganda kwenye tundu, akavunja mawili.
Karafuu sijui;
pengine alidhani injini nayo inaumwa jino.

Miaka kumi na moja lililala nyuma ya jiko,
kuku wakitagia kiti cha nyuma.
Nilipolirithi nilirithi ufunguo,
harufu ya vifaranga,
na madumu manne ya maji, yote yamepasuka.

Shaame hana haraka.
Huweka sikio kwenye bloku
kama shangazi alivyoliweka kwenye tumbo la mzazi.
Rejeta tuliizamisha katika pipa la mvua,
akaziba midomo yake kwa matambara,
mimi nikapiga pampu ya baiskeli.
Mapovu yakapanda. "Moja," akasema,
akafunga uzi mwekundu. Mbili. Tano.
La sita lilijificha chini ya lehemu ya zamani,
lehemu juu ya lehemu,
mikono ya mafundi waliokwishakufa.
Tukaimenya yote mpaka shaba ikaona jua.

Mpira wa juu ulitoka Unguja kwa meli,
mrefu kwa vidole viwili; tukaukata.
Wa chini ni wa Suzuki, umekubali kupinda kwa hisani tu.
Gasketi ya pampu Shaame aliigonga kwa nyundo ndogo,
ta, ta, ta, ukingoni mwa chuma,
mpaka karatasi ikajikata yenyewe.

Husemwa kuvuja kwa pakacha
ni nafuu kwa mchukuzi.
Mimi nilikaa mbele, dumu magotini,
na sikuiona hiyo nafuu.
Bopwe, simama. Mzambarauni, simama.
Mvuke, kitambaa, kifuniko kinatukana,
na shangazi keshaingia uani mwa watu
kuomba maji. Hutoka na maji
na habari: nani ana mimba changa,
nani kaachwa,
nani miguu imemvimba na hataki kusema.
Nusu ya kazi yake ilipitia tundu sita.

Jumapili tulijaza kulanti ya kijani,
tukatoa hewa, tukafunga.
Sindano ikapanda hadi katikati, ikaketi.
Tukapita Bopwe bila kusimama.
Tukapita Mzambarauni. Shaame akapiga mluzi.
Mimi moyo haukutulia,
kama mtu aliyepita msibani bila kutoa mkono.

Finya, penye kona,
bibi mmoja alikuwa keshashuka barazani
na dumu la njano mkononi,
kwa kuusikia mlio ule tu.
Nikakanyaga breki.
"La Mwanakombo hilo. Mbona halitoi moshi?
Leo halina kiu?"
"Limepona, Bi Time."
Akalitazama, akanitazama,
kama niliyemletea habari isiyo njema.
"Basi kunywa wewe."
Nikanywa. Maji ya kisima, yenye ladha ya kamba.
Tulikaa hapo mpaka adhuhuri,
nikajua bintiye kaolewa wapi
na goti lipi humwamsha usiku.

Leo asubuhi, chini ya gari, kwenye saruji,
tone moja la kijani.
Nimelifuta kwa kidole gumba.
Shaame sijamwambia.