Mlagno

Tribinali ya biashara, Bukavu. Umeme umekatika.
Karani Buhendwa anasoma kwa tochi ya simu
kurasa zenye muhuri: siri ya kampuni.
Watu kumi na mmoja tunaisikiliza,
na mlinzi mlangoni anapiga miayo.

Wakili wao anauliza nilitoka na nini.
Nilitoka na mwavuli. Flashi niliiacha mezani,
kompyuta niliiacha, hata ufunguo wa choo.
Kichwa ningekiacha kwa nani?

Ndipo anainua karatasi mbili, yao na yangu.
Mstari wa mia nne na tatu,
panapotakiwa *mlango*:
kwao *mlagno*.
Kwangu *mlagno*.

Nilikosea usiku ule Nankafu alipowaka homa,
mvua ya Kadutu ikipiga bati,
mkono mmoja kwenye kibodi,
mwingine kwenye paji la uso wake.
Mashine haikujali. Ulifunguka hivyo hivyo.

Hakimu ananitazama juu ya miwani.
Ningesema vidole vina mazoea,
na kweli vinayo.
Ila kosa kama lile halizaliwi mara mbili,
na mimi ndiye niliyelizaa.

Karani anainamia daftari:
neno hili, mama, niliandikeje?

Kama lilivyo, nasema.
Usilisahihishe.