Mabomba ya Ubavuni

Februari, Borlänge. Nje ni digrii kumi na nane chini ya sifuri,
ndani hita inanuka mafuta ya taa,
nami niko chali chini ya Korveti ya mwaka sitini na saba,
kutu ikinidondokea puani.
Bolti ya tatu imekataa.
Nimeibembeleza kwa mafuta, nimeitisha kwa moto,
nimeitukana kwa matusi ya baba yangu,
mwisho imekatika kichwa kama njugu.
Haya. Keekee, basi.

Mabomba yenyewe yalikuwa darini,
yamefungwa blanketi la jeshi na kamba za viatu,
tangu kiangazi cha sabini na tisa,
siku mama aliposhuka kwenye kituo cha petroli
kwa sketi fupi na pupa ya ujana,
chuma kikambusu shavu la mguu.
Kovu lipo bado, refu kama kidole,
linang'aa kama ndani ya kombe.
Usiku uleule baba akayafungua.
Hakuomba radhi. Alifungua.
Torkel ni mtu wa kusema kwa spana.

Tangu hapo gari likatolea moshi nyuma, kwa adabu,
na mama, awe kwenye basi, awe kwenye teksi,
hata gari la wagonjwa lililompeleka kumzaa Halvar,
alishuka akiinua mguu juu, juu,
kama korongo anayevuka mtaro.
Tulimcheka sana, mimi na Halvar.
Utoto hauna breki.

Kiwanda cha chuma kilimlipa baba mshahara,
kisha kikajilipa masikio yake.
Siku hizi anaendesha ndani ya pamba.
Mwaka jana, kwenye taa za barabarani,
alikaa dakika nzima akikanyaga mafuta
ya injini iliyokwisha kufa,
na nyuma yake mji mzima ukipiga honi
ambazo hazikuwepo.

Ndipo mama, Jumapili, akimenya viazi,
bila kuinua macho:
"Ylva, yarudishe."
Yapi?
"Unayajua."
Akatupa ganda. "Lakini uyafunike. Mimi si kuku wa kubanikwa."

Basi: vidole viwili kati ya bomba na bodi,
maana bodi hii ni nyuzi za kioo na gundi,
ikichemka, rangi huvimba malengelenge.
Gasketi mpya. Vibanio vitatu kila upande,
vyenye mpira ndani, ili chuma kipate pa kutanukia.
Juu yake kifuniko cha bati
nilichokitoboa mwenyewe,
matundu mia mbili na kumi na mawili.
La mwisho limekwenda upande.
Liache.

Nikamkalisha baba kwenye usukani.
Akageuza ufunguo.
Silinda nane zikaamka na ugomvi,
theluji ya kizingitini ikawa maji,
jirani Evald akafungua dirisha,
akalifunga.

Baba hakusikia kitu. Nilimwona, hakusikia.
Lakini mlango ulinguruma ubavuni mwake,
ngurumo ikapanda kiti, paja, mbavu,
akafumba macho,
midomo ikihesabu
kama mtu asomaye barua kwa ncha za vidole.
"Ya tano," akasema, kwa ile sauti yake kubwa.
"Ya tano inakosa pumzi."
Nikatazama plagi.
Ya tano.

Wakaenda mpaka mwisho wa uwanja na kurudi,
zaidi ya hapo ni barafu tupu,
yeye bila kofia, mama na soksi mbili za sufu
na suruali ya kuteleza thelujini.
Gari likasimama. Bomba likalia ting, ting, likipoa.
Mama akafungua mlango,
akashika paa,
akainua mguu juu, juu,
kama siku zote,
na kwa mara ya kwanza tangu sabini na tisa
palikuwa na kitu cha kuvukwa.