Mshipi na Mshipa

Kila Jumanne na Ijumaa Shebwana hulala kitanda cha tatu,
wadi ya figo, hospitali kuu, Makadara.
Mimi huketi kwenye stuli ya plastiki, daftari pajani.
Sista Kanze akishamtia sindano mbili
katika mkono ule wenye mshipa mnene, unaovuma
kama friji ya dukani,
yeye hufumba jicho moja na kusema: "Andika. Mishipi."
"Mishipi au mishipa?"
"Mshipa ninao. Wewe andika mishipi."

Tunakwenda ziwani.
Si Liwatoni, ninakokarabati mitambo ya barafu,
wala si ngazi za Likoni alikovulia utotoni,
maji ya kijivu, mafuta ya meli,
ambako hakuwahi kumwona samaki kabla samaki hajang'ata.
Ziwa hili liko juu, mlimani, kupita Chogoria,
kupita miti yenyewe, mahali nyasi huganda alfajiri.
Alihadithiwa na dereva wa lori, M'Ikiara,
aliyekaa foleni ya bandarini siku tatu:
ukitupa sarafu, utaitazama ikizama
mpaka shingo ichoke, na bado haijafika chini.

Ndani yake mna trauti.
Madoadoa ubavuni, mwekundu kidogo kama aliyesutwa.
Hapendi joto, hapendi tope, hapendi kelele.
"Kama mama mkwe wako," nasema,
na mashine inapiga kamsa, maana amecheka, mkono ukatikisika.

Saa nne damu inatoka, inafuliwa, inarudi.
Saa nne tunapanga.
Ijumaa, akichomolewa tu, treni ya usiku.
Jumamosi Chogoria. Jumapili ziwani. Jumatatu kushuka.
Jumanne saa mbili asubuhi, kitanda cha tatu.
Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu kwa kalamu.
Daktari aliangalia dari, akasema, "Tutaona,"
neno ambalo Shebwana alilipokea kama kibali chenye mhuri.

Jaketi nimenunua Kongowea, mbili, moja ya kike.
Nilizijaribu juani, Machi hii,
muuzaji akaniuliza kama nina malaria.
Ndoana ishirini. Tochi. Dawa, ndani ya kopo la maziwa.
Nzi wa chambo anawafunga mwenyewe, kwa mkono ulio huru na meno:
manyoya ya jogoo wa jirani, Kisauni,
na uzi wa kofia, ule wa hudhurungi,
maana ni mshona kofia huyu,
vidole vyake huona kabla ya macho.
Mgonjwa wa kitanda cha nne alimpiga mmoja kandambili.
Shebwana alifurahi siku nzima:
"Mtu mzima kadanganyika. Samaki je?"

Wasiwasi wangu ni mwangaza.
Maji maangavu hayana upande mmoja:
unayemwona, anakuona.
M'Ikiara alisema uiname, uende kwa magoti,
usivae nyeupe, kivuli chako ukiache nyuma.
Namtazama huyu mtu, kilo hamsini na moja,
najiuliza kivuli gani.
Hilo siliandiki.

Maimuna, mkewe, huja saa sita
na nusu lita ya siku nzima kwenye chupa ya soda.
Ameichora mistari kwa kalamu ya wino:
asubuhi, dawa, adhuhuri, dawa, usiku.
Haulizi tunaandika nini.
Anakaza kifuniko, anakikaza tena, anatoka kununua ndimu.

"Andika kikombe," Shebwana anasema.
"Cha nini?"
"Jumapili ile chupa siigusi. Asubuhi sinywi. Adhuhuri sinywi.
Nikifika napiga magoti, nachota ziwa,
nakunywa nusu lita yangu yote kwa mkupuo mmoja,
baridi ile ile, mpaka meno yaume."

Naandika: kikombe, kimoja.
Ananipokonya kalamu kwa mkono usio na sindano.
"Viwili. Wewe nani kakunyima?"