Kisu cha Rangi ya Chungwa

Mwana akililia wembe, mpe.
Wangu hakulilia. Aliomba leseni, akapata,
akaomba gari kuukuu la baba yake, akapata,
akaniaga kama mtu aendaye kununua maziwa,
ilhali ni Kuusamo hadi Oulu,
misonobari kulia, misonobari kushoto,
na kulungu wa theluji wanaolamba chumvi
katikati ya lami, hawana haraka na mtu.
Aliyelilia wembe ni mimi.

Jumamosi nikaenda kwa Raimo Kallunki,
duka la nyavu, risasi na viatu vya mpira.
Akanitandazia visu kama sonara.
"Hiki kina bisibisi, kina msumeno,
kina kifungulia chupa, kina kijiti cha meno."
Raimo, nikamwambia, Saimi hafungui kiwanda.

Nikavaa glavu ya sufu, ile ya kupasulia kuni.
Nikafumba macho.
Mkono wa kulia nikauficha mgongoni,
maana siku hiyo ikifika
nani ajuaye ni mkono upi utakaobaki huru?

Cha kwanza kilikataa katakata.
Cha pili kilifunguka, kikanirudia kidoleni:
kisu kisicho na kufuli hakina rafiki.
Cha tatu, jamani, cha tatu!
Mpini wa pembe, bapa linang'aa,
ncha kali kama ulimi wa wifi.
Nikakirudisha.
"Mbona?"
Gizani, mkanda umegandamana na kifua,
utapitisha wapi ncha kama hii?
Utamwokoa mtu na gari, umuue kwa kisu.

Raimo akanyamaza. Mji wetu ni mdogo.

Ensio alining'inia dakika arobaini,
kichwa chini, miguu juu, mtaroni,
nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
mkanda umemkaba kama mdai.
Kisu alikuwa nacho.
Kisu cha babu yake, chenye ala ya ngozi,
kinachonyoa ndevu bila sabuni.
Kilikuwa kwenye buti,
chini ya hema, chini ya birika la kahawa,
mita moja na nusu nyuma ya kisogo chake.
Aliyemfungua ni dereva wa greda la theluji
kwa kisu cha kupakia siagi,
uzi mmoja, uzi mwingine,
akiomba radhi kwa kila uzi.
Tangu hapo Ensio haendeshi.
Hasemi kwa nini. Bega lake husema,
Novemba inapoingia.

Cha nne kilikuwa kibaya wa sura,
rangi ya chungwa, kama koti la mtengeneza barabara,
ncha butu, makali nusu laini nusu meno,
mkiani ndoana ya kukatia mkanda
na msumari mfupi wa kuvunjia kioo.
"Cha pembeni," Raimo akasema kwa sauti ya chini.
"Cha mbele usihangaike nacho. Kinapasuka, hakitoki."
Glavu. Macho. Mkono wa kushoto.
Tak.
Nikakifunga, nikarudia.
Tak.
Euro thelathini na nne, na risiti sikuichukua.

Saimi alicheka. Alisema kinafanana na mwanasesere.
Lakini alikifunga kwa kamba mlangoni, kando ya kiti,
nilipomwonyesha, bila kubishana,
na mimi nikajua ameona mikono yangu.

Julai tukapiga kambi kando ya ziwa Kitka.
Alikatia soseji. Alichongea kijiti.
Alikata kamba ya hema iliyojiviringisha fundo.
Mbu walikuwa wengi kuliko maneno.
Ensio akanyoosha mkono, akakiomba.
Akakifungua kwa kushoto, akakifunga.
Akakifungua, akakifunga.
Sikuhesabu. Saimi naye akageuza soseji
ambayo ilikwisha kuungua upande huo.

Kisha akampa binti yake,
mafuta yamejaa kwenye bawaba.
"Kirudishe mlangoni," akasema.
"Siyo kwenye buti."