Barua kutoka Bonn, Usiku wa Mwisho

Uusaqaq ndugu yangu,
wamenipa dakika tatu.
Mezani pana taa ndogo, kijani, njano, nyekundu,
dada yake ile ya barabarani uliyoicheka Kopenhageni,
ukauliza, nani anaogopa taa?
Hapa tunaiogopa sote.

Nimeketi safu ya mwisho, nyuma ya kibao cha nchi ya watu,
maana barafu haina kibao,
na ncha ya dunia haina mkono wa kunyoosha.
Ukitaka kusema, unaazima mdomo.

Wiki ya pili hii wanavutania neno moja.
Hawa wanataka mkutano "usikitishwe sana" na kuyeyuka kule,
wale wanasema la, "uzingatie" yatosha.
Neno lisiloafikiwa hufungiwa ndani ya mabano.
Jana usiku wa manane nikaiona kwenye skrini bahari yetu,
imebanwa huku na huku, kama sili aliyekwama tunduni.
Cheko likanishika.
Kisha halikuwa cheko.

Wajua nilichokumbuka? Mtaimbo wa baba.
Alipiga barafu, akainamisha kichwa, akasikiliza.
Ikitoboka kwa pigo la kwanza, rudi.
La pili, pita peke yako, mbwa wabaki nyuma.
La tatu nayo bado ngumu, kamlete mama yako na sufuria.
Hakuwa na aya wala kifungu.
Alikuwa na sikio.

Kwenye foleni ya kahawa nimempata rafiki,
Tekaai, mtu wa Kiribati, shati la maua katikati ya makoti.
Akaniambia: barafu yenu ikihama kwenu, inakuja kulala kwangu.
Nikamwomba radhi, sijui kwa nini.
Akasema, mgeni siku ya tatu hupewa jembe,
sasa bahari nitaikabidhi nini?
Tukanywa. Kahawa yao ni maji ya moto yenye kiburi.

Zamu yangu ilipofika, mwenyekiti akatazama saa:
wazungumzaji wamechelewa, tafadhali, dakika moja na nusu.
Hotuba niliyoandika tangu Qaanaaq, kurasa nne,
nikaifunika.
Nikachukua kalamu, nikagonga meza.
Nikasikiliza.
Nikagonga tena.

Ukumbi ukanyamaza, wakalimani wakaduwaa vibandani mwao:
mgonjo wa meza hutafsiriwaje?
Mmoja tu, wa Kifaransa, mwanamke mwenye miwani,
nilimsikia kwenye vipokea sauti
akigonga kioo chake, mara mbili, polepole.
Nikaingoja ya tatu.
Taa ikawa nyekundu.

Wengine walipiga makofi. Mmoja wa mafuta alikuwa akichati.

Sasa ni alfajiri, matini imetoka, wino bado moto.
Mabano yameondolewa,
na vilivyokuwamo vimeondoka nayo,
isipokuwa neno lile, aya ya arobaini na moja:
mkutano unazingatia.
Watu wanakumbatiana. Wafagiaji wanakusanya vikombe.
Tekaai amesinzia kitini, viatu mkononi,
kama mtu anayejiandaa kuvuka maji.

Nitafika Jumatano, ndege ikikubali kutua.
Usipite njia ya zamani ya Qeqertat, hata kama ni fupi,
hata kama mbwa wanaivuta wenyewe.
Piga. Inamisha kichwa.
Ukisikia maji chini,
usizingatie, Uusaqaq.
Rudi.